Makuta yapo mkononi mwa nani?

Nashona nguo katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, si mbali na soko. Kwa miaka mingi zipu, nyuzi na vifungo nilinunua ana kwa ana: nashika, navuta, natazama meno ya zipu toka juu hadi chini, tunapatana bei, natoa falanga, napokea mzigo. Makuta, yaani pesa, yanatoka mkononi mwangu yanaingia mkononi mwa mama aliyeketi mbele yangu, na macho yangu yanaona. Akinipa zipu mbovu, kesho narudi namkuta palepale, tunazungumza.

Mwaka 2022 nikaanza kununua China kwa simu, na hapo nikakutana na maneno. Kikapu. Komande (oda). Malipo yanasubiri. Imesafirishwa. Imefikishwa. Thibitisha upokeaji. Fungua malalamiko. Simu yangu inaniandikia kwa Kifaransa, na Kifaransa nakisoma vizuri, kwa hiyo nilijiona nimeelewa. Maana ya kila neno niliijua. Nisichojua ni kila neno linafanya nini na makuta yangu, na kutojua huko kulinigharimu mota ya mashini.

Nieleze. Nilihitaji mashini ya kuzungushia ukingo wa nguo, ile ya nyuzi nne, pamoja na mota yake. Nikaipata kwenye soko moja kubwa la mtandaoni la China kwa dola 265. Nikamwandikia muuzaji: umeme wetu ni volti 220, umeme wa nyumbani wa kawaida. Akajibu ndiyo, hakuna shida. Nikalipa kwa kadi ya benki.

Sisi wa Lubumbashi hatuna namna rahisi ya kumwambia muuzaji wa China alete mashini hadi mlangoni. Tunapitia kwa watu wa grupaji. Mtu wa grupaji ana ghala Guangzhou. Unampa muuzaji anwani ya ghala hilo pamoja na alama yako ya kuandikwa kwenye boksi. Mizigo ya watu wengi inakusanywa, inajaza kontena moja, kontena linapanda meli hadi Dar es Salaam, halafu lori linapita Tunduma, linavuka Zambia, linaingia Kasumbalesa, mpakani mwetu. Wewe unalipia nafasi uliyochukua, kwa mita za ujazo. Mzigo wangu ulitumia siku 81, na mtu wa grupaji aliniambia nimebahatika.

Lakini siku ya sita tu baada ya kulipa, simu iliandika: imefikishwa. Nilijua kwamba imefika ghalani Guangzhou, sikudhani iko Kasumbalesa. Nilifurahi, nikaona safari imeanza vizuri. Kesho yake muuzaji akaniandikia kwa upole mwingi: rafiki mpendwa, mzigo wako umefika, tafadhali thibitisha upokeaji, utatusaidia sana. Niliona ni adabu kumjibu. Nikabonyeza. Ukurasa ukaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu baada ya hapo muuzaji atalipwa. Nikabonyeza tena.

Boksi lilifika mvua za kwanza zimeshaanza. Tulilifungulia ndani ya lupango, yaani uani, chini ya kibaraza, watoto wa jirani wamezunguka. Mashini ilikuwa nzuri, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Fundi umeme wa nyumba ya pili akainama kwenye mota, akafuta vumbi kwa kidole gumba kwenye kile kibati kidogo cha maandishi, akanyamaza. Kisha akanionyesha: 380 V. Nyaya tatu za umeme, mota ya kiwandani. Nyumba yangu ina 220 kama nyumba zote za mtaa wetu.

Nikafungua simu, nikaingia kwenye ile komande ya miezi miwili na nusu iliyopita, nikatafuta pa kulalamika. Kitufe hakikuwepo tena. Palikuwa pameandikwa: imekamilika. Nikamwandikia muuzaji, akasoma, hakujibu. Mota ya 220 niliinunua mjini kwa dola 70, na ile ya 380 bado iko chini ya meza yangu ya kukatia. Naigonga kwa mguu karibu kila siku.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, alikaa miaka kadhaa kwenye dirisha la benki kabla ya kufungua kabini yake ya kutuma na kupokea makuta. Jumapili moja alikuja kula kwetu, bukari na sombe, akaona ile mota, nikamsimulia. Hakunilaumu. Aliomba simu, akaipitia komande yote toka mwanzo, taratibu, kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo sijaliacha:

"Kadogo, neno lolote likitokea humu, usijiulize lina maana gani. Jiulize: saa hii makuta yapo mkononi mwa nani?"

Akanieleza kwamba kwenye masoko ya namna ile, ukilipa, makuta hayaendi kwa muuzaji. Soko lenyewe linayashika katikati, kama mzee wa ukoo anavyoshika mali ya pande mbili hadi mambo yaeleweke. Muuzaji anatuma mzigo akijua makuta yapo. Mnunuzi analipa akijua muuzaji hajayagusa. Ndivyo Wachina walivyotatua tatizo la watu wasiojuana kuuziana. Alipay, iliyoanzishwa 2004, ilikua kwa kazi hiyohiyo ya kushika makuta katikati. Sasa, kile kitufe cha kuthibitisha upokeaji ndicho kinachomwambia mzee: mpe. Mimi nilikibonyeza kama mtu anayesema asante.

Nikamwuliza, je, nisingebonyeza? Hapo akanionyesha jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila mtu wa Lubumbashi anayenunua China anapaswa kulijua kabla ya jambo lingine lolote. Usipobonyeza, mtambo unahesabu siku. Zikiisha bila malalamiko, unathibitisha wenyewe. Na siku hizo zinahesabiwa toka pale palipoandikwa "imefikishwa", yaani toka mlango wa ghala la Guangzhou. Ulinzi ule ulitengenezwa kwa mtu wa Paris au Shanghai anayefungua boksi jioni ileile. Kwetu, ulinzi unakufa mzigo ukiwa bado baharini. Neno ni moja, lakini kwa soko "imefikishwa" ni kule, na kwangu ni hapa, na kati ya kule na hapa kuna siku 75 ambazo hakuna anayenilinda.

Kwa hiyo mahali pa kukagua si Lubumbashi. Ni ghalani. Mtu wa grupaji, ukimlipa kidogo juu, anafungua boksi, anapiga picha, anarekodi video. Nilikuwa sijawahi kumwomba kwa sababu sikujua ninaomba nini.

Baada ya Jumapili ile nilianza kuandika maneno kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Si maana zake za kamusi. Naandika neno, halafu naandika makuta yapo wapi.

Kikapu ni rahisi: makuta bado ni yangu, hakuna aliyeahidi lolote, na bei inaweza kubadilika usiku huu. Mdogo wangu aliwahi kuweka viatu kwenye kikapu akakaa wiki nzima akisubiri viletwe. Komande ni pale nilipokubali kununua, ina namba yake. Namba ya kufuatilia mzigo ni nyingine kabisa, hiyo inatolewa na msafirishaji, na muuzaji asiyeitoa bado hajatuma kitu, hata akisema ametuma.

"Inasubiri" ilinisumbua zaidi. Nilipata kununua pasi ya mvuke kwa dola 38, muuzaji akasema imekwisha, komande ikafutwa. Ujumbe wa benki ulikuwa umeshaniambia dola 38 zimetoka. Siku ya kwanza hazikurudi, ya pili hazikurudi. Sikulala. Nilikuwa na hakika nimeibiwa. Yaya akanifafanulia kwamba kulipa kwa kadi ni hatua mbili. Kwanza benki inatoa idhini: inaweka hizo dola 38 pembeni, huwezi kuzigusa, lakini hazijatoka. Baadaye duka linakuja kuzidai kwa kweli. Duka likifuta kabla ya kudai, benki inaziachilia, na kuziachilia huko kunachukua siku kadhaa kwa sababu benki inangoja kuona kama duka halitakuja. Makuta yalikuwa mkononi mwa benki yangu muda wote. Siku ya nane yakaonekana. Kurudishiwa ni jambo tofauti: hapo duka lilishapokea, na linatuma upya kuelekea kwangu, safari yake peke yake. Mtu akikuambia "nimekurudishia", mwulize kama amefuta au ametuma. Jibu linakuambia usubiri wapi.

Kuna muuzaji mwingine, wa vitambaa, aliniambia nikilipa nje ya soko, moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu fulani, ataniondolea asilimia 10. Kabla ya mota ningekubali. Safari hii niliuliza swali langu. Jibu lilikuwa: mkononi mwake, toka dakika ya kwanza, na hakuna mzee katikati. Nilikataa bila hata kujadili asilimia.

Sasa niseme juu ya siri, kwa sababu hapa watu wetu wanaumizwa kila wiki na naona uchungu. Sisi tunasema "kode" kwa kila kitu. Kode ya simu, kode ya kadi, kode ya M-Pesa, kode iliyokuja kwa ujumbe. (Naandika kode, si kodi, kodi ni ya nyumba na ya serikali.) Neno moja limebeba vitu vinne, na mwizi anaishi ndani ya mchanganyiko huo. Anapokuambia "nitajie kode", wewe hujui anadai ipi, naye anategemea usijue.

Neno la siri ni la kufungulia akaunti. Linakaa muda mrefu, kwa hiyo linapaswa kuwa refu, na la soko lisiwe lile la barua pepe, maana aliyeingia kwenye barua pepe yako anaweza kuomba mengine yote yabadilishwe. Namba ya siri ya M-Pesa ni ya kutolea makuta. Huduma hiyo ilianza Kenya, nchi ya Kenya, 2007, na Kongo ikafika 2012, na katika miaka yote hiyo sheria ni ileile: kupokea hakuhitaji namba yoyote ya siri. Anayekutumia anahitaji namba yako ya simu tu. Yaya ameandika kwa mkono kwenye kibao cha kabini yake: KUPOKEA HAKUNA SIRI. Hata hivyo bado anapata mama anayekuja analia, aliambiwa na mtu kwenye simu aweke namba ya siri "ili makuta yaingie".

Ile inayokuja kwa ujumbe, ya mara moja, ni kitu kingine tena. Inaishi dakika chache kisha inakufa. Watu wanadhani kwa sababu inakufa upesi haina uzito. Mimi nilidhani hivyo hadi Novemba iliyofuata.

Nilipata ujumbe kwamba mzigo wangu umezuiwa, nilipe dola 2 za forodha ili uachiliwe. Kweli nilikuwa na mzigo njiani. Kiungo kilifungua ukurasa wenye rangi na nembo za kampuni ya usafirishaji ninayoijua. Nikaweka namba 16 za kadi, tarehe ya mwisho wa kadi, na zile namba tatu za nyuma. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukasema jaribu baadaye. Robo saa haikuisha simu ikalia. Mwanamume, sauti ya utulivu, Kifaransa kizuri, akajitambulisha kuwa wa benki yangu. Akanitajia jina langu na namba nne za mwisho za kadi. Akasema wameona jaribio la wizi, wanataka kulizuia, nitapokea kode, nimsomee haraka kabla mwizi hajamaliza.

Kode ikaingia. Nilikuwa na kitambaa cha harusi chini ya sindano, simu begani, shingo imepinda. Nikaishika simu mbele ya macho nisome. Ujumbe ulikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulitaja jina la duka ambalo sijawahi kulisikia. Wa pili ulisema: 187 USD. Wa tatu ndio uliokuwa na kode. Macho yangu yalisimama kwenye 187. Nikauliza, bwana, hizi 187 ni za nini? Akapandisha sauti, akasema ninapoteza muda, soma namba tu. Mtu wa benki anayetaka kunizuilia makuta angeniachia nisome mstari wa pili. Nikakata.

Ile kode ni saini. Benki inasema: duka hili linataka kiasi hiki, unakubali? Ukiitoa, umetia sahihi, na mbele ya benki umekubali mwenyewe. Ndiyo maana wanaandika duka na kiasi kabla ya namba, na ndiyo maana mwizi anakuharakisha usisome juu. Siku hizi nasoma ujumbe mzima kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Mchana huohuo nilikwenda benki, kadi ikazuiwa, nikapewa nyingine. Nilichagua ya kulipia kabla: haina uhusiano na akiba yangu, naijaza kiasi cha ununuzi wa siku hiyo tu. Kadi ikibaki na dola 4, hata mwenye namba zote ataondoka na dola 4. Zile namba tatu za nyuma nimezikariri na kuzifunika kwa kipande cha plasta nyeusi. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba anayelipa ameishika kadi yenyewe mkononi, na maduka yanayofuata kanuni za kadi hayaruhusiwi kuzihifadhi malipo yakishapita. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuomba umpigie picha kadi yako pande zote mbili umtumie kwa WhatsApp, hata kama ni shemeji mwenye nia njema anayetaka kukusaidia kulipa, anaomba kadi yako nzima.

Juu ya ule ukurasa wa uongo: ulikuwa na ile alama ya kufuli pembeni ya anwani. Nilikumbuka vizuri, kwa sababu niliitazama na ilinituliza. Tulifundishwa hivyo, kwamba ukiona kufuli na herufi https uko salama. Kufuli ina maana moja tu: maneno yanayotoka kwenye simu yako kwenda kwenye ukurasa ule yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Haisemi anayeyapokea ni nani. Mwizi naye anaweka kufuli, haimgharimu kitu. Google waliona watu wengi wanaielewa vibaya, na mwaka 2023 wakaiondoa kwenye Chrome, programu yao ya kufungulia kurasa, wakaweka alama nyingine isiyofanana na kufuli.

Anayepokea anajulikana kwa anwani, na anwani inasomwa kwa namna yake. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la ukurasa, halafu rudi nyuma kuelekea kushoto. Neno lililo mara tu kabla ya ".com" ndilo lenye nyumba. Mengine yote ya kushoto ni mapambo anayoyaweka mwenye nyumba apendavyo. Likasi, mji mwingine, kuna watu wanaweza kuandika "Lubumbashi" juu ya mlango wa duka lao, na duka likabaki Likasi. Ule ukurasa ulianza na jina la kampuni ya usafirishaji, nukta, halafu maneno mengine marefu kabla ya ".com". Makuta yangu yangekwenda kwa mwenye hayo maneno marefu.

Mwezi uliopita nimeagiza mashini ya pili, ya kutoboa matundu ya vifungo. Binti anayejifunza kazi kwangu alikaa pembeni na daftari, nikimwambia naye anaandika. Tumejaza kadi. Tumelipa ndani ya soko. Kode ilipokuja alinisomea mstari wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu, na jina la duka na kiasi vilikuwa vyetu. Siku ya tano simu ikaandika imefikishwa. Muuzaji akaandika, rafiki mpendwa. Sikumjibu. Nilimwandikia mtu wa grupaji afungue boksi, ainamishe mota, apige picha ya kibati.

Ilichukua siku mbili, na binti alikuwa ananiuliza asubuhi na jioni kama siogopi siku kuisha. Picha ilifika usiku tukila. Mtu wa grupaji alikuwa ameshika tochi vibaya, mwanga umeng'aa katikati ya maandishi. Nikamwomba arudie. Ya pili ilisomeka: 220 V, 50 Hz, waya mmoja wa umeme. Nikampa binti simu aisome mwenyewe, akaisoma mara mbili. Kisha nikamwuliza makuta yapo mkononi mwa nani, akasema bado kwa mzee wa katikati.

"Basi mwambie ampe," nikasema, naye akabonyeza.